Mlima Hauko Kimya, Ndugu Mwandishi

Siku hizi nazijua kabla sijamaliza aya ya kwanza. Mwandishi amechoka na mji. Simu imemchosha, foleni ya Ubungo imemchosha, mhariri wake ndiyo usiseme. Anapanda basi hadi Mombo, anazunguka kona za Soni, anafika Lushoto na kupanga banda la udongo na nyasi mlimani kwa siku tatu. Halafu anatuandikia insha. Humo kuna ukungu, kibatari, kuni zinazopasuka motoni, na neno moja lisilokosekana: kimya.

Jamani, kimya gani?

Julai iliyopita nililala siku nne kwenye banda la namna hiyo, juu kidogo ya mji. Saa kumi alfajiri lori lilikuwa linapakia kabichi na karoti barabarani, vijana wakiitana kwa Kisambaa. Ikaja adhana, kisha kengele ya kanisa. Kulipopambazuka watoto wa shule wakapita wakizozana. Mchana shoka, mbuzi, redio ya mtu ikitangaza mpira. Usiku mbwa. Mezani palikuwa na kitabu cha wageni, nikakisoma chote. Ukurasa baada ya ukurasa watu wanasifia utulivu. Hakuna aliyetaja lori. Hakuna aliyemtaja kijana anayepandisha maji ya kuoga ndoo kwa ndoo, wala mama anayetupikia. Tunachokiita kimya ni maneno ya watu ambao lugha yao hatuijui na hatukujisumbua kuuliza.

Na hilo banda lenyewe, tunalolisifu kuwa ni la asili! Nilimuuliza mzee anayelitunza kwa nini mwenye banda amejijengea nyumba ya tofali na bati hatua chache tu kutoka pale. Akacheka. "Moshi tumeuvuta wa kutosha, mwanangu." Mnaona? Tunalipia kwa usiku kile ambacho mwenye mlima amehangaika miaka mingi kukikimbia, kisha tunarudi mjini kuandika kwamba maisha rahisi ndiyo maisha ya kweli. Rahisi kwa nani? Kuni zile zimepanda mlima juu ya kichwa cha mtu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi, watu wa vitabu, tunaandika kana kwamba milima ile haijawahi kuandikwa. Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia watawala wa Kikilindi na kuwajua kwa karibu, aliandika Habari za Wakilindi, kwa Kiswahili, na wamisionari wa Magila wakaanza kuichapa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ikaitoa tena, ikiwa imehaririwa na J.W.T. Allen. Humo yumo Mbegha, aliyeitwa kigego kwa kuota meno ya juu kwanza, mwindaji aliyekimbia ndugu zake, akawagawia watu wa milimani nyama, akaua simba, wakampa utawala. Wamo wakuu wa Vugha, wake zao, fitina zao, na vita vya kugombea urithi baada ya Kimweri. Watu wamejaa mpaka unachanganyikiwa na majina! Kwenye kitabu kile hakuna ukungu usio na mwenyewe.

Hata hiyo miteremko tunayoipiga picha kutoka barazani ina kesi zake. Miaka ya 1940 na 1950 Waingereza waliwalazimisha Wasambaa kulima kwa matuta, wakianzia bonde la Mlalo, eti kuokoa udongo. Mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Watu wakagoma, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Steven Feierman ameueleza mgogoro huo katika Peasant Intellectuals, kitabu cha mwaka 1990, na jina lake tu linatosha kutusuta: wakulima wale walikuwa wanafikiri, wanabishana, wanajenga hoja. Sisi tumewageuza mandhari.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, mwandishi ana haki ya kupumzika. Apumzike, nani kamkataza? Pili, hela ya mgeni inasaidia kijiji. Inasaidia, na mimi nililipa yangu bila kulalamika. Lakini pesa ya chumba hainunui ruhusa ya kuwafuta wenyeji kwenye ukurasa. Tatu, na hili husemwa kwa sauti nzito, fasihi inahitaji upweke. Haya. Abdilatif Abdalla alikuwa na upweke wa kutosha gerezani Kenya, 1969 hadi 1972, upweke asioulipia wala kuuomba. Humo ndimo alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Fungua diwani hiyo uone: watu wanajibizana, mpaka ndugu wawili wanagombea mnazi. Kama mtu aliyefungiwa aliweza kuwasikia wenzake, wewe uliyelala na dirisha wazi juu ya barabara ya kabichi umeshindwaje?

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri, wa hapa wakiwemo. Insha ya milima ikija bila jina la kijiji, bila mtu hata mmoja anayesema, irudishwe kwa mwenyewe. Mchapishaji mwenye moyo naye atutolee Habari za Wakilindi upya, kwa bei ambayo mwalimu wa Mlalo anaweza kuimudu. Na wenye mabanda waweke nakala moja mezani, kando ya kibatari. Mgeni asome usiku. Asubuhi ashuke barabarani, asalimie, aulize kabichi inauzwa shilingi ngapi shambani na shilingi ngapi ikifika Kariakoo, na nani anabaki na tofauti.

Akituletea jibu, hiyo ndiyo insha ninayoisubiri.