Kanda ya bibi haiguswi mkasi!

Wiki hii niko Newala na redio kaseti yangu ya kizamani. Washkaji wamenibana: “Kaka, ile midundo inayojirudia unaifanyaje?”

Kazi ndogo tu. Kata utepe kama sentimita 24, unga ncha zake kwa selotepu, urudishe kwenye kasha. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo kila baada ya sekunde 5 mdundo unaanza upya. Hedi ya kufutia izibe kwa kiplastiki chembamba. Sasa rekodi ngoma, halafu njuga, halafu sauti. Zote zinapandana!

Ila angalia. Kila sauti mpya inaila kidogo ile ya chini. Ukifika ya tano, ngoma ya kwanza utadhani inapigwa ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Ndiyo maana ile kanda ya marehemu bibi akiimba kwenye sindimba nimeinakili kwanza. Nakala ndiyo naichezea. Nawe fanya hivyo hivyo na kanda za wazee wako. Utepe dukani utapata mwingine, bibi je?

Tukutane wiki ijayo!