Willy Gamba si James Bond wa Bongo

Jamani, nani aliwaambia Willy Gamba ni "James Bond wa Bongo"? Hapa Moshi mtu akimaliza Njama ya Elvis Musiba na kuuliza asome nini tena, anaelekezwa kwenye mtumba: Ian Fleming, James Hadley Chase. Kisa? Eti bastola na warembo.

Sawa, bastola zipo na warembo wamejaa tele. Lakini Bond anamtumikia Malkia. Gamba anaingia kazini kwa sababu silaha za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zimelipuliwa Dar es Salaam, jiji lililokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Hilo si pambo la hadithi, ndiyo hadithi yenyewe! Ukimpa msomaji huyo Chase umempa risasi, ukamnyima vita.

Mpe Tutarudi na Roho Zetu? ya Ben Mtobwa, Joram Kiango apambane na makaburu. Kama alichopenda ni fumbo, mpe Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, akutane na Bwana Msa na kiko chake. (Huyo ukimwita Sherlock Holmes wa Unguja sitabisha sana.)

Na msiniambie hivi ni vitabu vya kusomea kwenye basi tu. Chase naye tunamsomea humo humo, Moshi mpaka Dar es Salaam, na hakuna anayemcheka.