Kumtunza mzee ni taaluma: tujifunze kwa Wafilipino

Wengi wetu tukisikia Mfilipino yuko Japan, Israel au Canada akimtunza mzee, tunadhani kazi yake ni kupika, kufua na kusukuma kiti cha magurudumu. Huko ni kuidharau kazi ambayo afya ya wazee wengi duniani inaitegemea.

Dunia inazeeka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ifikapo mwaka 2030, mtu mmoja kati ya sita atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Japan tayari zaidi ya robo ya wananchi wamefikisha miaka 65. Watoto ni wachache, na hao wachache wako kazini. Nani atamwogesha bibi? Japan ilitia saini mkataba na Ufilipino mwaka 2006, na mwaka 2009 ikapokea kundi la kwanza la wauguzi na watunza wazee. Watunzaji hao hufanya kazi huku wakijifunza lugha, kisha hukalia mtihani wa taifa kwa Kijapani, sawa na Wajapani wenyewe. Je, hiyo ni kazi ya mtu asiye na elimu?

Tazama mtunzaji aliyefundishwa anavyofanya. Mzee asiyeweza kujigeuza humgeuza kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu uzito ukikandamiza sehemu moja kwa muda mrefu, damu haifiki, ngozi hufa na kuwa kidonda. Anapomwogesha humfunika na kuosha sehemu moja moja, ili mzee asitirike, huku akikagua visigino, nyonga na chini ya mgongo. Humkalisha wima kabla ya kumlisha, chakula kisije kikaingia mapafuni. Hunawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Nepi ikilowa, haisubiri.

Lakini huduma hii ina gharama yake. Mama anayemlisha mzee wa watu ng'ambo, mara nyingi mwanawe analelewa na bibi kijijini. Fedha anazotuma hulipa ada na kujenga nyumba, ila hazimkumbatii mtoto. Wapo pia wanaonyang'anywa pasipoti na kunyimwa siku ya mapumziko. Mwaka 2023 Ufilipino ilipitisha sheria ya kulinda maslahi ya watunzaji, lakini sheria ya Manila haifungui mlango wa nyumba ya tajiri wa nchi nyingine. Kwa maoni yangu, nchi inayomhitaji mtu huyu ilee wazee wake ina wajibu wa kumlipa ujira wa haki na kumheshimu.

Na sisi je? Mzazi akishindwa kuinuka, tunamkabidhi kwa binti wa kazi ambaye hakuna aliyemfundisha chochote. Kidonda kikitokea, tunasema ni uzee. Hapana. Aghalabu kinachoitoboa ngozi ni kulalia upande mmoja kutwa nzima. Tumeamrishwa kuwatendea wema wazazi, na wema huo unahitaji ujuzi. Mwombe muuguzi wa zahanati akufundishe wewe, ndugu zako na huyo binti namna ya kumgeuza mgonjwa.

Na leo usiku, kabla hujalala, mwangalie mzazi wako visigino.