Siku ya Kupanda Meli: Amana Huanzia Gatini



Watu wa Kibondo na Kasulu ni watu wa nyanda za juu. Mtoto wa huko hukua akijua ukungu wa asubuhi, migomba, mashamba ya maharage na barabara ya vumbi jekundu. Maji makubwa anayoyasikia yakitajwa nyumbani ni ya mto Malagarasi, nao mto una ng'ambo inayoonekana. Kisha hutokea safari. Pengine kuna harusi Kirando, au maziko Kasanga, au baba amepata kazi Mpulungu upande wa Zambia. Familia inafunga mizigo na kuteremka hadi Kigoma, mwendo ambao kwa anayetoka Kibondo unazidi kilomita 200. Hapo mtoto anayaona maji yasiyo na mwisho upande wa kusini: ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, ambalo kwa kina ni la pili duniani. Na juu ya maji hayo imeegeshwa nyumba ya chuma inayotoa moshi. Anauliza, "Baba, mbona haizami?"

Swali hilo ni zuri kuliko anavyodhani mwulizaji, na ndilo tutakalolizungumza wiki hii. Mengi husimuliwa juu ya safari za majini, na machache juu ya siku ya kupanda. Nasi tunasema kwamba siku hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo siku ya mwisho ambayo mkuu wa familia ana kauli juu ya roho za watu wake. Akiwa gatini anaweza kuuliza, kuchagua, kukataa na hata kurudi nyumbani. Kamba ikishafunguliwa, kauli imehamia kwa nahodha, na aliyebaki na shaka atabaki nayo hadi bandari ya mbele.

Meli ambayo vizazi vya wana Kigoma wameijua ni MV Liemba. Habari zake zafaa kusimuliwa watoto, kwani ni za ajabu. Iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikapewa jina la Götzen, gavana wa Kijerumani aliyetawala nchi yetu wakati wa Vita vya Maji Maji. Baada ya kuundwa ilifumuliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli ya kati hadi Kigoma. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nyingi, wakitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Kwa miaka kadhaa ilisubiri matengenezo makubwa, na wakazi wa mwambao wakaingoja kama mtu anavyomngoja mzee wa nyumba aliyelazwa.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Karakana ile ile ya Papenburg leo hii huunda meli za kitalii zilizo kubwa kama mitaa, zinazobeba maelfu ya watu, zenye mabwawa ya kuogelea, kumbi na maduka. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi na hubeba abiria wapatao 600. Mtu wa Kasulu anayepanda Liemba na tajiri wa Ulaya anayepanda kasri linaloelea wametofautiana katika mengi, lakini siku ya kupanda huwaweka mahali pamoja: kila mmoja hukabidhi roho yake kwa chombo asichokijua na watu asiowajua.

Tuitazame siku yenyewe. Liemba ilikuwa ikiondoka Kigoma alasiri, lakini gati huamka mapema. Wachukuzi hupishana na magunia, winchi inanyanyua mizigo, wauzaji wa mikate na maji wanaita wateja, na kila mwenye tiketi anadhani atabaki. Kisha ni ngazi, na baada ya ngazi ni sitaha ya chuma inayotetemeka chini ya nyayo. Mtu wa milimani huipata hali hiyo miguuni kabla hajaielewa kichwani, kwamba hapa ardhi imekwisha. Pua inapata harufu ya mafuta ya injini na dagaa wakavu. Wa daraja la kwanza wanapanda juu kwenye vyumba vyenye vitanda na dirisha. Wa daraja la tatu wanateremka kwenye mabenchi, au wanatandika mikeka palipo na nafasi. Watoto wanataka kukimbia kila upande kwa wakati mmoja. Honi inapolia, wadogo wanalia nayo.

Mwendo ukianza kuna kupanda kwa namna nyingine. Vijiji vingi vya mwambao havina gati. Meli husimama mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi hutoka usiku au mchana kuja kuilaki, imejaa watu, kuku, magunia ya mahindi na watoto wachanga. Mama humpitisha mwanawe juu ya maji, kutoka mikono yake hadi mikono ya mtu asiyemfahamu aliye mlangoni mwa meli, kisha naye hupanda. Anayetaka kufahamu maana ya neno amana na autazame mpito huo mmoja.

Hisia ya kwanza, basi, ni mshangao, nao una hatari yake. Mtu aliyeshangaa haulizi. Hufuata umati na kukaa alipokalishwa, akiamini kwamba kitu kikubwa namna hii hakiwezi kudhurika. Dunia ilipata somo juu ya imani hiyo tarehe 13 Januari 2012, meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Ilikuwa na watu zaidi ya 4,200, na 32 walipoteza maisha. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile, na walikuwa bado hawajaonyeshwa namna ya kujiokoa, kwa kuwa kanuni ya wakati huo iliruhusu mazoezi hayo kufanyika ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Mwamba haukungoja saa 24. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu Januari 2015 abiria wa meli za namna hiyo lazima wafundishwe kabla chombo hakijaondoka, au mara tu kinapoondoka.

Hatuhitaji kwenda Italia kutafuta msiba. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu kupita uwezo wake, na mamia waliangamia. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander, iliyosheheni kuliko kiasi, ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, na ziko nyumba huko zilizofungwa milango kwa kukosa mrithi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na ufuko wa Ukara, mita chache kabla ya kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200.

Tuzingatie kwamba katika vyombo vyote hivyo hatari ilipanda kwa ngazi ile ile waliyopanda abiria, nao waliiona. Aliyebanwa bega kwa bega alijua kwamba pamejaa. Kwa nini, basi, watu hawateremki? Hapa tusiwe wepesi wa kulaumu. Liemba ilikuwa ikipita mara moja kwa majuma mawili. Aliyeteremka alijua kwamba harusi itapita, maziko yatapita, nauli imekwenda, na kuna siku kumi na nne za kulala Kigoma na watoto bila ndugu wa kuwapokea. Maskini hupanda chombo kilichojaa kwa sababu hesabu yake ya umaskini imemwambia apande. Hivyo wajibu wa kwanza ni wa wenye vyombo na wenye mamlaka, wanaoijua idadi halali na kuuza tiketi kupita idadi hiyo. Abiria ni amana mikononi mwao, na amana huulizwa.

Hata hivyo, wajibu wa wakubwa hauufuti wajibu wa baba na mama. Kisa cha bedui na ngamia wake tunakijua sote: kamba kwanza, kisha tawakkul. Nabii Nuhu (a.s.) naye, kabla ya kuwaita watu wake wapande kwa jina la Mola, aliijenga safina ubao kwa ubao. Dua ya kupanda chombo tuisome na tuwafundishe watoto, lakini tusiifanye mbadala wa kuhesabu majaketi ya kujiokolea.

Kwa familia inayoteremka kutoka milimani tunausia mambo machache. Fikeni Kigoma siku moja kabla, ili asubuhi ya safari isiwe ya mbio. Kila jina, na la mtoto mchanga pia, liandikwe katika orodha ya abiria, maana asiyeandikwa hatafutwi. Mizigo apewe mchukuzi. Mikono ya wazazi ni ya watoto. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina lake kamili, la wazazi na namba ya simu, na ajue kulitaja jina la baba yake lote, kwani "baba" pekee halimrudishi mtoto kwa mwenyewe. Mkishapanda, msitandike mkeka kabla ya kujua mambo matatu: majaketi yako wapi, je, yapo ya saizi ya watoto, na ngazi ya kutokea ni ipi. Mwulizeni baharia bila haya. Kina mama na mabinti watafutiwe mahali penye sitara, lakini pasiwe ndani kabisa pasipo na njia. Na juu ya sala, waulizeni masheikh wenu hukumu zake kabla hamjaondoka. Itoshe kukumbuka kwamba meli ikielekea kusini kutoka Kigoma, kibla kimebaki nyuma yake, kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo.

Ikiwa moyo umeona pamejaa kupita kiasi, teremkeni. Na sisi wenye nyumba Kigoma na Ujiji tuiweke milango wazi kwa ndugu aliyeteremka, ili hesabu yake ya siku kumi na nne iwe nyepesi. Huenda kumkaribisha msafiri aliyeahirisha safari kukawa ndiko kuokoa roho.

Wapo kati yetu wanaoujua ukarimu huo kwa macho yao. Mwezi Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipowakimbiza watu, makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha mwambao kilichobanwa kati ya mlima na maji, pasipo barabara. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikapelekwa kuwachukua. Haikuweza kufika ufukweni, kwa hiyo mitumbwi ya wavuvi iliwatoa watu mchangani na kuwafikisha ubavuni mwa meli. Walishushwa Kigoma, wakapokewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapandisha kwenye nyanda za juu hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Baadaye mwaka huo wengine walipelekwa Nduta, wilayani Kibondo.

Kwa watu wale siku ya kupanda meli haikuwa na mshangao wa kitalii. Waliiona meli kuukuu yenye umri wa miaka mia moja, na machoni mwao hapakuwa na chombo kizuri kuliko hicho. Lakini wapo watoto waliofika kambini bila wazazi, kwa kuwa hofu, mbio na umati viliwatenganisha njiani, na kazi ya kuwaunganisha na jamaa zao ilikuwa ngumu. Wao hawakuwa na nafasi ya kupanga siku yao. Sisi tunaosafiri kwa hiari tunayo.

Basi mtoto akiuliza mbona haizami, tusimjibu kwamba ni kwa sababu ni kubwa. Tumwambie kwamba chombo huelea kwa idhini ya Mola, kwa elimu ya aliyekiunda, kwa uaminifu wa anayekiendesha, na kwa mzigo usiozidi kipimo. Kisha tumshike mkono, tuhesabu watu wetu, ndipo tupande.

Wabillahi tawfiq.