Maikrofoni ya ghali iliyonasa mvua

Siku hizi kijana akitaka kufungua studio hapa Nakuru, jambo la kwanza atakalokueleza ni jina na bei ya maikrofoni yake. Hatakueleza paa la chumba chake ni la nini, wala barabara iko umbali gani. Nami nasema, tena kwa uchungu, kwamba hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Wasomaji wa pwani wasidhani kuwa haya ni mambo ya bara yasiyowahusu. Waislamu wako Nakuru tangu zamani, na maulidi husomwa na matari hupigwa huku kama huko. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mzee mmoja mtaani Bondeni, aliyejua kasida nyingi kwa moyo na kupiga udi kwa namna ambayo sikuisikia kwa mwingine. Tulikubaliana tumnase. Nikaenda kuazima maikrofoni ya kondensa, ya bei kubwa, nikaona sasa mambo yamekamilika. Chumba kilikuwa cha mabati. Mzee alipofika kasida ya pili, mvua ya Nakuru ikashuka, na nyie mnaijua mvua ya huku: haipigi hodi. Maikrofoni ile ikanasa mvua, ikanasa lori likipanda barabara kuu, ikanasa kuku wa jirani, na mzee akawa kwa mbali kama mtu aliye chumba cha pili. Tukaahidiana kurudia. Mwaka huo haukwisha, mzee akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwangu mimi ghali ndiyo iliyouvunja.

Kosa lilikuwa langu, wala si la chombo. Kondensa ina kiwambo chepesi mno kilichokaa karibu na kibati, na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine. Kwa wepesi huo husikia hata pumzi. Katika chumba kimya chenye mapazia mazito na mazulia, hakuna kitakachoushika udi vizuri zaidi, na sitabishana na anayesema hivyo. Lakini ni wangapi kati yetu wenye chumba hicho?

Maikrofoni ya dainamiki ni chombo cha namna nyingine. Kiwambo chake kimeshikana na koili ya waya iliyo katikati ya sumaku. Sauti ikipiga kiwambo, koili hutikisika, na umeme mdogo huzaliwa. Ni spika iliyogeuzwa kazi. Haihitaji umeme wa nje, haijali sana vumbi wala unyevu, na ikianguka huiokota ukaendelea. Kwa kuwa koili ina uzito, haihangaiki na vijisauti vya mbali. Huo upungufu ndio rehema yake kwa sisi watu wa mabati.

Watu husema dainamiki ni ya jukwaani na si ya studio. Si kweli. Sauti ya Michael Jackson katika Thriller, iliyotoka mwaka 1982, ilinaswa kwa Shure SM7, nayo ni dainamiki. Kampuni hiyohiyo ilitoa SM57 mwaka 1965 na SM58 mwaka uliofuata, na hadi leo hizo mbili ziko kila pembe ya dunia. Ile 58 yenye kichwa cha mviringo ni ya muimbaji, kwani ndani ya wavu wake mna sponji la kuzuia pumzi. Ile 57 yenye kichwa chembamba huwekwa mbele ya ngoma na spika ya gitaa. Sennheiser MD 421, iliyoanza mwaka 1960, hupendwa kwa ngoma nzito, ila bei yake si mchezo. Lakini jihadharini: Shure za bandia zimejaa madukani. Afadhali jina dogo la kweli kuliko jina kubwa la uongo.

Ukishaipata, kazi ndiyo inaanza. Nyingi za aina hii husikia mbele na kuziba sikio nyuma, basi mgongo wake uuelekeze mlangoni au barabarani. Muimbaji na asogee, vidole vitatu au vinne tu kutoka mdomoni. Akikaribia zaidi sauti huwa nzito, jambo linalomfaa mwenye sauti nyembamba na kumharibu mwenye sauti nene. Udi usiunase mbele ya tundu, utavuma kama pipa. Iweke shibiri moja hivi, ikitazama pale shingo inapokutana na tumbo. Mlio wa unyoya kwenye nyuzi utapungua kidogo, nakiri, na mashine itabidi iongezwe nguvu kwa sababu dainamiki hutoa umeme mchache. Matari hayana shida. Zumari ndiyo kabisa: kelele yake ingeitesa kondensa, lakini dainamiki huimeza bila kulalamika, mradi mpigaji akae mbali hatua moja au mbili.

Anayedhani haya ni maneno ya maskini akumbuke jirani zetu Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikwenda Kapkatet, upande wa Kericho, akawanasa wasichana wakiimba Chemirocha pamoja na chepkong', chombo chao cha nyuzi. Hakuwa na studio. Ilikuwa desturi yake kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa waimbaji na wapigaji, kama mpiga picha anavyotafuta sura. Zaidi ya miaka 70 imepita, na wimbo ule bado unasikika duniani. Alijua asimame wapi, basi. Bibi yetu Siti binti Saad ilimbidi asafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili anaswe. Leo maikrofoni ndiyo inayoweza kumfuata mzee barazani kwake, na sisi tunakaa kuhesabu bei.

Yuko mzee mwingine, Naivasha, mpigaji wa udi, naye amekubali tumnase baada ya mvua ndefu kwisha. Nimenunua dainamiki moja, mitumba lakini halisi, na blanketi nne za kutundika ukutani. Habari za Bondeni zilimfikia, kwa hiyo ametoa sharti moja: tusije na lile domo la fedha lililomnasa kuku.