Makamasi ya tundu moja (Sehemu ya 4)

Wazazi wenzangu wa Akheri, leo tuongelee pua.

Mafua ya kawaida hutoka matundu yote mawili. Sasa mtoto anayetoa usaha tundu moja tu, tena unanuka mpaka wenzake wanahama dawati, mimi nitadhani ana kitu puani, na sitaacha kudhani hivyo mpaka mtu achungulie. Harage, punje ya hindi, shanga, kipande cha sponji ya godoro: vyote vinaingia humo.

Kikikaa miaka, chumvichumvi za kwenye kamasi, hasa za kalsiamu na magnesiamu, hukigandia tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa jiwe. Jiwe kweli, sitanii. Wataalamu huliita rinolithi. Mtu aliingiza shanga ana miaka mitatu, akanyamaza, anakuja kugundulika mtu mzima. Hapo katikati ameshaitwa mgonjwa wa sainasi, wa aleji, wengine eti wamerogwa.

Ninachokipinga ni hii tabia ya kozi ya amoksilini juu ya kozi. Usaha unapungua wiki moja, mama anashukuru, halafu harufu inarudi kwa sababu kitu chenyewe bado kipo! Kuanza hakuhitaji mashine kubwa. Ni tochi, kifaa cha kupanulia tundu la pua, na mtu anayetaka kuangalia. Jiwe mara nyingi ni la kijivu au kahawia, na likiguswa na kifaa linakwaruza. Likijificha nyuma, ndipo inakuja kamera au CT skani.

Dogo hutolewa kwa kibano na dawa ya ganzi. Kubwa, au la mtoto asiyetulia, ni nusu kaputi kwa daktari wa masikio, pua na koo, kama wale wa KCMC pale Moshi, na wakati mwingine linavunjwavunjwa kwanza. Nauli na bili ni mzigo, najua. Lakini hesabu pia zile kozi ulizonunua duka la dawa.

Nyumbani msichokoe na pini wala njiti; mnakisukuma nyuma, kinaweza kuangukia njia ya hewa. Na ikiwa ni betri bapa ya saa au ya mdoli, msingoje kesho: inaunguza pua ndani ya saa chache.

Mkifika, semeni: "Tunaomba muangalie puani kabla ya kuandika dawa." Mhudumu akinuna, mwambieni mmetumwa na mimi.