Kwenye Magrupu, Dada wa Mbagala Kamzidi Staa Akili

Mjini sasa hivi kila mtu ana biashara. Asiyeuza wigi anauza pafyumu, asiyeuza pafyumu anachukua oda za keki, na wote wana swali moja: tangazo litupiwe wapi? Instagram kumejaa. Kumlipa staa mwenye wafuasi akuposti ni hela ndefu, na posti yenyewe ikifika kesho imeshazama. Basi macho yote yamehamia kwenye magrupu. Grupu la wamama, grupu la mtaa, grupu la waliosoma pamoja, na majukwaa ya watu wengi kama JamiiForums iliyoanza tangu 2006. Watu wapo, tena bure. Unatupia picha tatu, unaweka namba, unakaa kusubiri simu iite.

Simu haiiti. Au inaita kwa ubaya, kama ilivyomtokea staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni.

Bibie alizindua mafuta yake ya nywele. Mtu wake wa mitandao akaingia kwenye grupu la Facebook la wadada wanaotunza nywele asili, na siku hiyo hiyo akatupia posti tatu. Picha kali, kichupa kizuri, halafu yale maneno yanayokera kuliko yote mtandaoni: bei njoo DM. Dada mmoja akauliza ndani ya chupa kuna nini. Kimya. Mwingine akauliza kama mafuta yana alama ya TBS. Huyu akajibiwa kwamba kama hana hela anyamaze awaache wenye hela wanunue.

Skrinshoti ilitoka kwenye grupu ikaingia WhatsApp, na hadi jioni watu ambao hata hawafugi nywele walikuwa na maoni. Swali la TBS halikuwa la kichokozi hata kidogo. Tangu 2019 vipodozi vimo mikononi mwa TBS baada ya kutoka kwa iliyokuwa TFDA, na mwanamke anayepaka kitu kichwani ana haki ya kujua kama kuna mtu amekipima. Muuzaji asiye na jibu la swali hilo hana shughuli kwenye grupu la wanunuzi wanaojua kuuliza.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Wanadhani grupu ni kama ukurasa wao, ila lenye watu wengi zaidi. Wapi! Kwenye ukurasa wako unafuta komenti, unamblock mtu, maisha yanaendelea. Kwenye grupu ufunguo anao admin, na wenyeji ni watu waliokutana kwa jambo lao. Mmoja kaja kuuliza mtoto wake ana vipele, mwingine anatafuta fundi bomba wa uhakika Tabata. Ukiingia na tangazo bila hodi ni sawa na kuingia msibani na kapu la karanga. Inawezekana kweli waliokaa pale wana njaa, lakini watakutazama wewe badala ya karanga.

Jukwaani ambako watu wanatumia majina ya bandia ndiyo balaa zaidi. Huko hakuna anayekuonea haya. Kijana mmoja muuza simu za mtumba alifungua akaunti tatu mpya, kisha zote tatu zikaanza kumsifia: wakuu, huyu jamaa ni mwaminifu, nimenunua kwake, simu haina shida. Wakuu wakatulia kidogo, wakasoma. Mmoja akagundua akaunti zote tatu zinaandika "garama" badala ya gharama. Kwisha habari. Uzi wake wa matangazo ukageuka uzi wa vichekesho, na bado ukimtafuta kwa jina la duka ndiyo kitu cha kwanza kinachotokea. Simu zake huenda zilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo linalouma.

Je, basi magrupu ni hasara? Hapana, na wanaosema hivyo mara nyingi ni wale waliopita kama upepo.

Kuna dada mmoja wa Mbagala naye anauza mafuta ya nywele. Anayatengeneza mwenyewe kwa nazi. Alikuwa kwenye lile lile grupu la nywele kwa miezi kabla hajataja biashara, na kazi yake ilikuwa kujibu watu. Mama mmoja aliyejifungua alikuja analia, nywele zinatoka kwa mafungu kila akichana. Muuzaji yeyote mwenye njaa angeruka hapo hapo na kichupa mkononi. Yeye akamwambia: dada, hiyo huwa inatokea miezi michache baada ya kujifungua, kwa wengi huacha yenyewe, usiharakishe kununua kitu, na ukiona inazidi nenda hospitali. Alipoteza mauzo ya siku ile mbele ya watu wote, na watu wote waliona.

Baadaye ndipo mtu akamuuliza, shoga, kwani wewe mwenyewe unapaka nini? Hata hapo hakutupia tangazo. Alimfuata admin, akaambiwa biashara ni Jumamosi tu. Jumamosi akaandika kila kitu: ukubwa wa chupa, kilichomo, bei, anapatikana wapi, boda hadi maeneo gani, na mzigo wa mikoani unapandishwa basi stendi ya Magufuli pale Mbezi siku gani. Akaandika pia kwamba mafuta hayaoteshi nywele sehemu yenye kipara. Hakuna DM, hakuna mafumbo.

Swali la TBS lilimfika na yeye. Hakuwa nayo. Hapa ndipo alipopita mtihani aliofeli staa, kwa sababu alisema wazi hana, akafunga oda, akaenda SIDO kuanza mchakato wa barua ya utambulisho ili aingie TBS kama mjasiriamali mdogo. Chupa alizokuwa ameshanunua zilikaa uvunguni, na hela ya kodi ya chumba ilikuwa ndani ya chupa hizo. Kila hatua akaiandika grupuni. Wapo waliochoka kusubiri wakanunua kwingine. Wapo pia waliosubiri, na alipofungua oda tena ndio waliokuwa wa kwanza kulipia kwenye lipa namba yake.

Ila asidanganywe mtu kwamba njia hii ni ya bure. Ni bando kila siku, ni usiku wa manane unajibu swali la mtu ambaye hatanunua kamwe. Muda huo staa hana, na pengine kwake ni sahihi kulipia matangazo yake kwingine na kuwaacha watu na grupu lao. Mwenye keki naye ajifikirie. Keki haisafiri vizuri, kwa hiyo grupu la nchi nzima lenye maelfu ya watu linamsaidia kidogo sana, wakati grupu la WhatsApp la mtaa, ambalo tangu 2022 linaweza kubeba hadi watu 1,024, lina watu wanaoweza kuja kuchukua mzigo kwa miguu. Anayeuza kitu ambacho hawezi kukitaja bei hadharani asiingie kabisa. Na anayetengeneza peke yake kwa mikono miwili ajiulize kwanza oda 40 zikija usiku mmoja atazifanyaje, maana walewale wanaokusifia Jumamosi ndio wanaokuanika Jumatano mzigo ukichelewa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanalisahau wakishaona wateja wanamiminika. Nyumba siyo yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, na wenye oda za siku ile walibaki wanatazama kioo. Septemba 2025 TCRA ikaisimamishia JamiiForums leseni kwa siku 90. Siku 90 kwa mfanyabiashara mdogo ni kodi, ada na mtaji. Admin naye anaweza kuamka siku moja amegombana na mumewe akafuta grupu zima.

Dada wa Mbagala ana daftari la kaunta. Kila mteja anayelipa anaandikwa jina, namba ya simu, mtaa na aina ya nywele. Grupu likizima leo usiku, kesho asubuhi anaanza kupiga simu kuanzia ukurasa wa kwanza.